Mstari wa Kumi

Al Mansoura, Doha
Jumamosi, 14 Januari 2012

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Kabla hujasoma zaidi, nakuomba kwa jina la mama yetu, haya yote yabaki kwako. Usimsomee mtu. Barua hii usiiweke chini ya mto, wala usiikunje ukaitia mfukoni mwa aproni wakati madamu yuko karibu. Ukimaliza kusoma itie motoni, usimame hapo mpaka uone imeisha.

Ningekupigia, lakini simu yako imo kwenye droo ya madamu kule Al Thumama, na wewe uko jangwani nao mpaka likizo ya watoto iishe. Imebaki karatasi, na Twaha, dereva wenu. Anasema dereva akikutwa na barua ya mwanamke ndani ya gari la tajiri wake hana pa kujitetea, hata kama barua yenyewe ni ya mtu na dada yake. Lakini kaipokea. Mtu wa Tanga hawezi kukataa kutumwa, anaweza kulalamika tu.

Sababu ya kuandika ni upepo. Unajua kazi yangu: kampuni inakodisha mahema, na hema la mteja likipeperuka, wa kwanza kupigiwa simu ni karani. Kila asubuhi napokea taarifa ya hali ya hewa, naichapa upya, naibandika ukutani, kisha nachora mishale kwa penseli kwenye ramani ya Ghuba. Leo wameandika kwamba baridi kali inajikusanya huko Iraki, na kwamba katikati ya wiki upepo wa kaskazini utateremka mpaka kwetu. Waarabu wanauita shamali. Ule wa kiangazi ni joto na vumbi. Huu wa majira ya baridi ni vumbi na baridi, na unaweza kuvuma siku tatu bila kupumzika. Mtunza stoo wetu ana miaka ishirini hapa. Anasema mwaka mmoja waliokota hema baharini, na ndani bado kulikuwa na zulia.

Mkuu wangu hataki wateja wajue mapema. Anaogopa watarudisha mahema kabla ya muda. Kwa hiyo hata kukwambia tu ni kosa.

Naomba unijibu kwa mpangilio. Hema mnalolala wewe na yule msichana wa Kenya lina nguzo ngapi? Kamba zake ni za nini? Upande wa chini unagusa mchanga au unaning'inia? Una blanketi ngapi? Kikohozi je? Mahema matatu makubwa ya bwana nayaona kwenye mkataba wetu, ila la wafanyakazi silioni popote.

Mama hajui uko jangwani. Nilimwambia uko mjini, ndani ya ukuta. Ukipewa simu Ijumaa, sema hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Zuleikha


Kambini, karibu na bahari
Jumapili, 15 Januari 2012

Zule, Karani Mkuu wa Upepo,

Marahaba. Barua yako nimeisoma chooni, na choo chenyewe ni cha plastiki, mtu akikohoa kinatikisika. Nimekohoa sana. Kwa hiyo kikohozi nimekujibu kwanza, usinikate alama kwa kuvuruga mpangilio.

Nguzo ni mbili, na moja imepinda. Kamba ni za nailoni, isipokuwa moja ambayo ni ya kuanikia nguo. Chini linaning'inia, paka anapita akiwa amesimama. Hema hili lilinunuliwa dukani likiwa ndani ya boksi lenye picha ya watoto wa Kizungu wanacheka. Nafula anasema wale watoto walipigwa picha kabla hawajalala humo.

Nafula ndiye huyo Mkenya, wa Bungoma. Mfupi, mkweli, anaimba nyimbo za kanisani akisugua masufuria, na anakoroma kwa sauti ile ile. Aliniona na bahasha akauliza ni ya nani. Nikamwambia ya mchumba. Akaichukua, akaitazama anwani, akanirudishia. "Huyo mchumba wako ana mwandiko wa mwalimu wa kike," akasema. Basi nikamwambia ukweli. Usinune. Hapa sisi tuko wawili tu, na mtu hawezi kumficha mwenzake anayelala naye umbali wa futi mbili.

Blanketi ni moja kila mtu. Zule, baridi ya hapa ni ile ya kwetu Mlalo mwezi wa saba, ila haina chai ya mama. Mahema ya wenyewe yana mashine za joto za umeme, lakini waya wa jenereta haufiki kwetu. Nilimwambia madamu, akasema atamwambia bwana. Bwana akasema inshallah. Wewe umeishi hapa vya kutosha kujua maana yake.

Unakumbuka mama alivyokuwa akiingiza jiko chumbani? Tunalala watatu, miguu yote imeelekea jiko, na wewe kila mara unalia eti nimekuchukulia joto lako. Alfajiri hii niliota hilo jiko. Nikaamka vidole vimekufa ganzi mpaka Nafula akanifungia vifungo.

Upepo mimi siuogopi. Wewe tangu utoto unaogopa kinachopiga kelele: radi, punda, sauti ya mwalimu mkuu. Mimi naogopa baridi. Niletee dawa ya baridi, huo upepo nitapambana nao.

Barua yako sikuichoma. Ni mwandiko wa kwetu, nitauchomaje?

Dada yako,
Mwanaidi


West Bay
Jumatatu, 16 Januari 2012

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Kama hukuichoma ile, choma zote mbili, tena leo. Hii ina jambo baya zaidi ndani yake.

Taarifa ya asubuhi: upepo utatufikia Alhamisi mchana. Kilomita sitini kwa saa, na vishindo vya kufika themanini. Bahari itafungwa kwa vyombo vidogo. Nimechora mshale mpaka penseli imetoboa ramani. Wenzangu wananicheka, wanasema nauchora huo upepo kana kwamba unakuja kunioa.

Twaha amebeba turubai zito la bitana, lile tunaloweka ndani ya mahema ya harusi, na vigingi kumi na viwili vya chuma. Nilivitoa stoo wakati mtunza stoo ameenda kuswali. Kwenye daftari lake nimeandika kwamba turubai limechanika na kutupwa. Ni mara ya kwanza maishani kuandika uongo kwenye daftari la kazi. Nikalifunga, nikalirudisha mahali pake. Wakigundua, wanafuta viza yangu siku hiyo hiyo. Usimwambie mtu lilikotoka.

Tuna karatasi ya maagizo tunayowapa wateja, ya Kiarabu na Kiingereza. Nimekutafsiria. Fuata neno kwa neno, Dada, usiongeze utani.

Kwanza, geuzeni hema mlango utazame kusini. Pili, kigingi kipigwe kwa kulala, kichwa kikielekea mbali na hema. Tatu, kamba zikazwe, lakini zisikazwe mpaka zinalia. Nne, kila kitu chepesi cha nje kiingizwe au kifukiwe. Tano, bitana ifungwe ndani kuanzia darini mpaka chini. Sita, pindo la chini lifukiwe kwa mchanga, kimo cha goti, pande zote nne. Saba, matundu ya juu yafungwe, maana upepo ukiingia ndani ndio unaoinua hema. Nane, zipu zote mpaka mwisho. Tisa, maji ya kunywa na tochi viwe mkononi.

Na la kumi, kwa ajili ya kikohozi chako. Nimemwomba Twaha akiwapelekea wenyewe makaa yao ya kahawa, ashushe na kwenu gunia dogo. Anasema kuna jiko la ziada kwenye gari. Fanya kama mama: washa nje, subiri moshi uishe kabisa na makaa yawe mekundu, ndipo uliingize. Liweke juu ya sinia, mbali na kitambaa. Joto halitapata pa kutokea, na nyinyi mtalala kama watu.

Sasa usiseme tena kwamba naogopa kelele tu. Baridi yako pia nimeifikiria.

Mdogo wako,
Zuleikha


Kambini
Jumatano, 18 Januari 2012

Karani wangu,

Marahaba, na hongera. Umetujengea ngome.

Tumefanya yote, kwa mpangilio, mimi nasoma kwa sauti na Nafula anapiga nyundo. Kila nikimaliza sentensi anaitikia "Amina!" kama yuko kanisani. Mchanga tumeufukia kimo cha goti la Nafula, maana tungetumia langu tungechimba mpaka Ramadhani. Vijana wa ofisi yenu walikuja kukaza mahema makubwa, wakatuangalia. Mmoja, Mnepali, akaja kulisukuma hema letu kwa bega. Halikutingishika. Akanyanyua kidole gumba. Nikajisemea, mdogo wangu huyo, alisoma.

Ndani ni giza na kimya. Ukifunga zipu hata jenereta hulisikii. Jana alasiri tukalijaribu jiko. Zule! Joto lilipanda mpaka Nafula akavua soksi kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, na mimi nikamwomba kwa heshima azivae tena. Kikohozi kilitulia. Nilisinzia kidogo nikamwona mama.

Ila nilipotoka kichwa kilikuwa kinanigonga, na Nafula vile vile. Ni mafua, tumeambukizana. Na Nafula hataki zipu ifungwe mpaka chini. Anasema yeye si kiazi cha kutiwa kwenye gunia, anataka kuona nje. Tumeacha uwazi wa kiganja kimoja pale mlangoni. Najua utaniuliza, kwa hiyo nakuuliza kwanza: inaruhusiwa, Karani?

Ndani ya bahasha nimekutilia mchanga kidogo. Huo ndio unaotulinda.

Mwanaidi


West Bay
Alhamisi, 19 Januari 2012, saa mbili asubuhi

Dada,

Shikamoo. Twaha anasubiri na injini inanguruma, naandika nimesimama.

Kuwait hawaonani tangu alfajiri. Bahrain upepo umeshafika. Kwetu utaingia mchana, labda mapema kidogo kuliko walivyosema. Anga ya kaskazini, ukiiona inakuwa rangi ya chai ya maziwa, acha kila kitu uingie ndani.

Uwazi wa kiganja hauruhusiwi. Nakusihi. Hapo hapo ndipo upepo utakapoingiza mkono. Funga mpaka mwisho, na chini ya zipu uweke mchanga. Mwambie Nafula nje hakutakuwa na kitu cha kuona.

Kichwa ni mafua kweli. Kunywa maji, jifunike, ulale karibu na jiko.

Mimi nimebandika dirisha la chumba changu kwa utepe wa gundi wa ofisi pande zote nne, na taulo lililoloweshwa chini ya mlango. Usiniwazie mimi. Upepo ukipita nitamwomba Twaha anilete kambini, nikalikague hilo hema kwa macho yangu.

Zuleikha


Alhamisi, 19 Januari, jioni

Bi Zuleikha,

Salama. Dada Mwana anaumwa kidogo. Niko hapa chini, nimempa mlinzi wa jengo akupandishie hii. Nimepiga simu yako mara mbili nikaikata kabla haijaita. Vaa baibui, uchukue kitambulisho. Nyumbani Mlalo usipige kwanza.

Twaha


Al Thumama
Jumanne, 24 Januari 2012

Dada Zuleikha,

Mimi ni Nafula. Tulionana ile siku ya mazishi, lakini madamu alikuwa karibu na sikuweza kukuambia kitu, nikakushika tu mkono. Pole sana. Sijui nitasema aje. Mwana alikuwa anasema wewe unapenda mambo yaelezwe kwa mpangilio, kwa hivyo nitajaribu.

Barua yako ya Alhamisi ilifika saa nne. Mwana alinisomea huku anacheka, akasema, "Karani amekataa." Tukafunga zipu mpaka chini, tukaweka mchanga. Saa sita anga likawa vile ulisema, kama chai. Tuliosha vyombo vya chakula cha mchana na vumbi likiwa kwa meno. Mwana alikuwa anakohoa sana na madamu akasema anaogopesha watoto, aende apumzike. Akawasha jiko huko nyuma ya gari, akangoja moshi uishe kama ulivyomwambia, akaingia nalo. Mimi nilikuwa niingie naye. Nilikuwa nimeshika hata mlango. Madamu akaniita nishike mtoto, kwa sababu nguzo ya hema kubwa ilikuwa inalia. Mwana akaniambia, "Nenda, nitakuwekea joto lako."

Nilikaa huko alasiri yote. Hema kubwa lilipasuka upande mmoja. La jikoni lilienda, tulilipata siku ya pili likiwa kwa waya wa barabara. Dada, hema letu ndilo peke yake halikusonga.

Magharibi nikaleta chai. Nikaita, "Mwana, fungua, ni mimi." Nikafukua mchanga kwa mkono. Alikuwa amelala na ubavu, mkono chini ya shavu, uso wake mwekundu kama mtu mwenye afya. Nikafikiri analala. Hata nikaweka kikombe chini polepole ili nisimwamshe. Hicho kikombe ndicho kinanisumbua. Nilikaa nje nikimngojea aamke, sijui dakika ngapi.

Daktari alisema ni hewa ya makaa. Haina moshi, haina harufu.

Kabla watu wafike nilitoa barua zako chini ya mto wake, zote tatu. Ziko ndani ya Biblia yangu. Polisi waliponiuliza kama kuna mtu alituambia tuingize jiko, nilisema sijui. Nilidanganya, kwa sababu niliona jina lako pale. Madamu aliwaambia kila mtu mwenye akili anajua moto hauingizwi kwa hema, lakini hawa wasichana wanatoka porini. Twaha alisoma ile karatasi ya polisi. Imeandikwa ni uzembe wa marehemu mwenyewe.

Wananirudisha Kenya Jumapili jioni. Nitachoma hizi barua kama unataka. Sikulaumu, Mungu anajua, na mimi nililala kwa hilo joto nikafurahi. Ila niambie kitu kimoja, ili nijue nimebeba nini moyoni. Hayo mambo ya makaa, ni ofisi yenu iliandika?

Nafula


Al Mansoura
Jumatano, 25 Januari 2012

Dada Nafula,

Asante kwa kunieleza kwa mpangilio. Asante kwa chai uliyompelekea. Ulikiweka kikombe chini polepole, na mimi nashukuru kwamba mtu wa mwisho kumkaribia alikuwa hataki kumsumbua.

Umeniuliza swali moja, nami nitakujibu bila kuzunguka. Hapana. Ofisi haikuandika hivyo.

Karatasi yetu ina mistari kumi. Nilimtafsiria tisa. Mstari wa kumi unasema hivi: msiingize makaa wala jiko ndani ya hema lililofungwa, hata kama hayatoi moshi. Nimeuchapa mstari huo mara nyingi sana, naujua kwa Kiingereza na kwa Kiarabu. Jumatatu ile niliusoma, kalamu iko mkononi, nikauruka. Nilijiambia umeandikwa kwa ajili ya watu waliokulia kwenye umeme, wasiojua makaa, watakaounguza mazulia yao. Nikasema, sisi tumelelewa na jiko, nani atatufundisha jiko? Na mahali pake nikaandika la kwangu, nikaliita la kumi, ili asijue kuna kingine.

Tangu Alhamisi naiwaza nyumba yetu ya Mlalo. Kati ya ukuta na paa kulikuwa na mwanya, ndege walikuwa wanaingia na kutoka. Kila msimu wa baridi mama alisema ataukandika kwa udongo, na kila msimu ukampita. Mwanaidi na mimi tulikuwa tunaulaani ule mwanya usiku kucha kwa sababu ya baridi iliyopita pale. Nilimwandikia dada yangu nikakumbuka jiko. Mwanya niliusahau. Kisha nyinyi mkaacha wenu, wa kiganja kimoja, na mimi nikaandika nimesimama kwamba hauruhusiwi.

Kichwa kilimuuma akanieleza. Hata hilo alinieleza.

Alikuwa akinitania kwamba naogopa kinachopiga kelele tu. Siku ile yote nilikaa ofisini nikiusikiliza upepo unapiga vioo, na kila kishindo nikasema, hema la Mwanaidi limehimili hicho. Nilikuwa na furaha, Nafula. Saa kumi jioni nilikuwa na furaha.

Mama ameambiwa ni upepo. Mjomba ndiye aliyemwambia, baada ya kumwambia kwanza kwamba anaumwa, kisha kwamba amezidiwa, kama ilivyo desturi. Nilipompigia alinitangulia kunifariji. Alisema, "Afadhali upepo, mwanangu. Upepo hauna mtu wa kuulizwa." Nikaitikia ndiyo.

Usizichome. Mimi ndiye niliyemwamuru azichome. Katika yote niliyomwagiza, hilo ndilo peke yake alilokataa. Bila barua hizo mimi ni karani anayelia tu, na hakuna atakayefuta maneno ya polisi kwa ajili ya machozi ya mtu. Jumapili asubuhi nitakwenda kituoni na karatasi ya Kiingereza mkono mmoja na mwandiko wangu mkono mwingine, niwaombe waandike kwamba Mwanaidi aliagizwa, akatii, na aliyemwagiza ni nani. Nitawaambia pia turubai lilitoka wapi. Naogopa. Mambo ya turubai pekee yanatosha kunirudisha nyumbani, au kunipeleka pengine kabla ya nyumbani. Nimeandika sentensi nitakazosema, nimezisoma mbele ya kioo, na sauti inakatika kila nikifika kwenye jina lake. Lakini lile neno, uzembe, limewekwa juu ya mtu aliyefukia mchanga kimo cha goti pande zote nne kwa sababu mdogo wake alisema. Siwezi kuliacha hapo.

Wewe hutaitwa. Nitasema nilizikuta kwenye vitu vyake. Nawe utafika Bungoma salama, na ukiimba jikoni kwenu, mwimbie na yeye.

Baada ya hapo nitamwandikia mama mwenyewe. Barua zake husomwa na jirani, kwa hiyo nitaomba jirani aketi naye mpaka mwisho.

Sasa sikiliza namna ya kunipata. Simu usipige, wameishikilia ofisini tangu walipoanza kuhesabu vitu vya stoo. Ijumaa, baada ya sala ya mchana, Twaha anawapeleka wenyewe kwa jamaa zao kula, naye huwa na saa moja ya kusubiri. Atakuleta, nawe uje na hizo barua. Mtaa wa nyuma ya msikiti mdogo wa Al Mansoura, kuna duka la dobi lenye mlango wa kijani, na jengo letu liko ubavuni mwake. Mwambie mlinzi unakuja kwa karani wa ghorofa ya tatu. Kengele haifanyi kazi, gonga. Kama mlinzi hayupo na mlango wa chini umefungwa, vuka barabara, usimame upande wa dobi, uangalie juu. Vumbi bado halijatulia, na jengo zima madirisha yamebandikwa gundi. Langu utalijua. Ndilo pekee lililo wazi.

Zuleikha